Alizeti ya jangwani katikati ya ziwa: nifute rekodi hizi?

NasraMimea
Habari zenu wapenzi wa mimea. Leo siku ya nne nasafisha faili la rekodi za Geraea canescens, alizeti ya jangwani ya kusini mwa California. Ziko 200 na ushei, kutoka hebaria mbalimbali, yaani makusanyo ya mimea iliyobanwa na kukaushwa kwenye karatasi. Nataka kujua miaka ya zamani ua hili lilichanua mwezi gani, nilinganishe na sasa.

Nilipoziweka kwenye ramani nilishtuka. Nne zimeangukia jimbo la Colorado, huko milimani kwenye theluji. Tatu ziko majini, katikati ya ziwa la Salton Sea! Ua hili ni la mchangani: mvua ya majira ya baridi ikinyesha linaota, linachanua, linamwaga mbegu na kufa ndani ya miezi michache. Ziwani limefikaje?

Nilitaka kuzifuta zote saba, ila nikafungua kwanza picha ya karatasi moja ya hizo za ziwani. Mmea umebanwa ukawa bapa, petali zimepauka, lakini vinywele vyeupe kwenye ukingo wa vijani vinavyozunguka ua bado unaweza kuvihesabu. Mbegu mbili tatu zimedondokea pembeni, nyeusi zenye ukingo mweupe. Lebo ya mkono inasema Salton, mwezi Machi, mwaka ambao hata babu yangu hajazaliwa. Kuna mtu aliinama mahali fulani akauchuma mmea huu. Mkono umekataa kufuta. Nifanyeje?

Kombo_K
Dada Nasra, usifute hata moja. Hizo za Colorado soma maelezo ya mahali, nina hakika utakuta "Colorado Desert". Hilo ni jangwa la California lililopewa jina la mto. Programu ikiona neno Colorado inakimbilia jimboni.

Angalia na kaunti. Riverside iliundwa 1893 na Imperial 1907. Lebo ya kabla ya hapo inaweza kusema San Diego na isikosee, ingawa mahali penyewe leo pako kaunti nyingine. Usiisukume nukta ndani ya mpaka wa leo.

BiMwanajuma
Mwanangu, hizo za ziwani ndizo za kutunza kuliko zote. Salton ilikuwa stesheni ya reli, kwenye bonde lililo chini ya usawa wa bahari. Mwaka 1905 mto Colorado ulivunja mfereji wa umwagiliaji, maji yakamiminika bondeni hadi 1907, na stesheni ikazama. Ziwa ndilo lililolifuata ua. Yule aliyechuma alisimama pakavu.

Iache nukta ilipo, uandike kando kwamba inaweza kukosea kwa kilomita kadhaa, maana "Salton" ni jina la eneo, si hatua ya mguu. Halafu tazama namba ya mkusanyaji. Zamani mtu alichuma mimea kadhaa ya aina moja mahali pamoja siku moja, akaipa namba moja, akagawa karatasi kwa hebaria tofauti. Ukizihesabu moja moja, siku ile moja ya Machi itaonekana kama msimu mzima.

NasraMimea
Shikamoo Bi Mwanajuma, na asante Kombo. Nimekesha nazo. Za Colorado, tatu zimerudi California kama ulivyosema. Ya nne haina maelezo yoyote ya mahali, nimeiweka kando bila kuifuta. Za ziwani, mbili zina namba moja ya mkusanyaji na tarehe moja, kwa hiyo ni mchumo mmoja.

Sasa nimegundua jingine: rekodi 11 zina tarehe 1 Januari. Nimefungua picha za tano, lebo zote zina mwaka tu, siku na mwezi vimejazwa na kompyuta. Karibu niseme ua lilikuwa likiwahi! Hizi nazitoa kwenye hesabu ya kuchanua lakini nazibakiza kwenye ramani. Kesho nafungua sita zilizobaki.