Miezi 15, bado hatembei: naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miezi 15, hajaanza kutembea. Hata kutambaa hakutambaa. Anajiburuza kwa makalio, mguu mmoja kaukunja, na mbio zake si za mchezo. Akishika stuli anasimama na kuizunguka, ila ukimwachia mkono tu, puu! anakaa chini na kucheka. Uzito kwenye kadi unapanda vizuri. Kliniki wameniambia nisubiri hadi miezi 18. Mama mkwe anataka tumchimbie shimo la mchanga tumsimamishe humo, nimekataa (kwa adabu). Nimemnunulia kigari cha kusukuma, anakipindua na kuzungusha tairi.

Aliyelea mtoto wa kujiburuza hivi, wako alitembea na miezi mingapi? Na kile kigari cha kukalia, nimpe au niache?