Mtangazaji unayewakejeli Four Tops kwa kuimba nyimbo za Broadway, nani alikudanganya?

Wakuu, salamu kwenu. Hili jambo ninalo kifuani tangu Jumamosi usiku. Nilidhani hasira itashuka, haijashuka, basi naleta uzi.

Kuna kipindi cha zilipendwa za nje kwenye redio moja ya hapa Dar, sitaitaja. Jumamosi mtangazaji katangaza ni zamu ya Four Tops, lile kundi la waimbaji wanne wa Detroit, Marekani. Nikaongeza sauti, nikamwita mama watoto aje tusikilize. Kaanza na Reach Out I'll Be There, kibao kilichoshika namba moja Marekani na Uingereza mwaka 1966. Safi kabisa. Halafu kasema sasa sikieni kundi zuri linavyoharibiwa, akaweka wimbo kutoka Four Tops on Broadway, albamu yao ya 1967 ya nyimbo za michezo ya jukwaani ya New York. Kauacha kama nusu dakika. Wale waitikiaji watatu ndiyo kwanza wameingia nyuma ya Levi Stubbs, mwimbaji kiongozi, wameisogeza sauti polepole kama watu wanaobeba kitu cha kioo, jamaa akazima. Katikati ya neno! Anacheka. Eti bosi wao kawalazimisha kuwaimbia wazungu wanaokula chakula cha usiku.

Nikapiga simu. Nimepiga mara sita. Mara ya sita kapokea kijana, nimesema tu "naomba kumrekebisha mtangazaji" laini ikakatwa. Meseji zangu tatu hazikusomwa, za salamu kwa mashemeji zote zimesomwa.

Sasa nasemea hapa. Four Tops hawakuokotwa na Motown, kampuni ya rekodi ya Detroit, wakiwa vijana wa mtaani wanaofundishwa kushika kijiko. Levi Stubbs, Abdul "Duke" Fakir, Renaldo "Obie" Benson na Lawrence Payton walianza kuimba pamoja Detroit mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakijiita Four Aims. Walibadili jina ili wasichanganywe na kundi jingine, Ames Brothers. Kabla ya hapo walipita kampuni nyingine za rekodi: wamerekodi Chess mwaka 1956, wamepita Columbia, wamepita Riverside, hakuna kilichouza. Miaka yote hiyo chakula chao kilitoka wapi? Kilitoka kwenye kumbi za starehe, wakiimba jazi na nyimbo hizohizo za majukwaani, wakazunguka na mwimbaji wa jazi Billy Eckstine. Wanaingia Motown 1963 tayari ni watu wazima na kazi yao wanaijua. Kusema nyimbo hizi walilazimishwa ni sawa na kumkuta fundi wa taarab anaimba taarab ukasema kashurutishwa.

Ndiyo, Berry Gordy, bosi wa Motown, alizitaka kumbi za wenye fedha, sikatai. Supremes, kundi lake la akina dada, aliwapeleka ukumbi wa Copacabana kule New York mwaka 1965, na 1967 wakatoa albamu nzima ya nyimbo za Rodgers na Hart, watunzi wa Broadway. Temptations, kundi jingine la Motown, nao mwaka huohuo wakatoa In a Mellow Mood. Ulikuwa mpango wa kampuni. Lakini mpango wa kampuni ukimkuta mtu anayeipenda hiyo kazi miaka kumi kabla yako, utasema umemlazimisha?

Na kama ni kulazimishwa, tuongee ukweli. Waliomlazimisha Levi ni watunzi wa vile vibao tunavyovishangilia! Levi ni baritoni, sauti ya kiume ya katikati, si ya juu. Holland, Dozier na Holland walikuwa wanampandishia kii makusudi, juu ya pale sauti yake inapokaa, ili ajikaze, alie, aombe. Ule mkwaruzo unaousikia kwenye Reach Out ni mtu anayefikia rafu ambayo mkono haufiki. Naupenda, nimekua nao. Ila usiniambie kwamba hapo ndipo alipokuwa huru, na kwenye wimbo wa taratibu anapoimba kwa sauti aliyozaliwa nayo ndipo alipofungwa.

Halafu wale wengine watatu. Kwenye vibao vingi vya Motown sauti zao zimechanganywa na za akina dada wa Andantes, Jackie Hicks, Marlene Barrow na Louvain Demps, ambao nao majina yao hayakuandikwa kwenye majalada (hilo lina uzi wake, nitauleta). Ukitaka kusikia Payton alivyozipanga sauti nne, besi ya Obie inakaa wapi, nani anashuka nani anabaki, nenda kwenye nyimbo za taratibu. Payton ndiye aliyekuwa anawapangia sauti. Vaa hedifoni, sikiliza miisho ya mistari tu, pale neno limekwisha na pumzi bado ipo. Wote wanne wanaachia kwa pamoja. Hapo hakuna mtu wa studio wa kukusaidia, ni miaka ya kusimama bega kwa bega.

Na kinachoniuma zaidi mtangazaji hakukitaja kabisa. Kazi ya kwanza waliyorekodi Motown, 1963, ilikuwa albamu ya nyimbo za namna hii kwa mtindo wa jazi, Breaking Through, iliyopangiwa lebo ndogo ya Motown iliyoitwa Workshop Jazz. Ikafungiwa. Wakapewa Baby I Need Your Loving mwaka 1964, fedha zikaingia, ile kazi ikalala stoo mpaka 1999. Miaka 36! Payton, aliyeipanga kila sauti, kafariki 1997. Miaka miwili tu. Hakuwahi kuiona dukani. Baada yake kaondoka Obie 2005, Levi 2008, na Duke, wa mwisho, Julai 2024. Watu wanne walioimba pamoja zaidi ya miaka 40 bila kumbadilisha hata mmoja mpaka kifo kilipomchukua wa kwanza, halafu anakuja mtu na kipaza sauti, hajasoma hata nyuma ya jalada, anawazima katikati ya neno na kucheka.

Jumamosi hii napiga tena. Sihitaji aniombe radhi wala anisalimie hewani. Auweke wimbo uleule, autoe mkono kwenye mashine, uende mpaka mwisho. Wenye namba ya mezani ya kipindi hicho mnifahamishe PM, maana ile ya simu ya mkononi nadhani wameniblok.