Nyumbani kasuku, shuleni bubu: binti yangu nimfanyeje?

MamaNunu, Kisauni
Salaam aleikum jamani. Binti yangu ana miaka 6, yuko gredi ya kwanza. Nyumbani mdomo haufungi: akila mahamri anawaiga majirani mmoja mmoja mpaka babake anapaliwa na chai. Akivuka lango la shule, basi. Hata ruhusa ya choo haombi, na ishamtokea kujikojolea darasani. Yuko hivi tangu PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, kwa hivyo si ugeni. Chuoni, yaani madrasa, vilevile, na ilhali kila usiku namsikia akimsomesha mwanasesere wake Alhamdu, na makhraji yake sawasawa.

Shuleni wanasema ni ukaidi. Mamangu asema ni haya tu, atakua ziishe. Wifi yangu ataka akasomewe. Kilichoniuma zaidi ni mwalimu mmoja kumsimamisha mbele ya wenzake: "Hukai mpaka useme." Akasimama mpaka kengele ikalia. Tangu hapo asubuhi tumbo lamuuma, matatu hapandi bila kilio. Kuna aliyepitia haya?

TichaLikoni
Pole dada. Nafundisha watoto wadogo na nimewaona wa namna hii. Huo si ukaidi. Mtoto anayesema vizuri nyumbani kisha akanyamaza kabisa mahali fulani kwa zaidi ya mwezi (ule mwezi wa kwanza wa shule hauhesabiwi) ameshikwa na hofu. Madaktari waijua na ina tiba. Mara nyingi huanza kabla ya miaka 5. Ataka kusema, koo lakataa. Kumsimamisha vile ni kumzidishia.

La choo lishughulikiwe kesho: apewe kadi, akiiweka mezani anakwenda, hakuna kuulizwa.

Kisha omba darasa likiwa tupu. Ufike naye kabla ya wenzake, mcheze kitu kinachodai maneno. Akishazoea kuzungumza nawe pale, mwalimu apite mlangoni, ajifanye apanga madaftari. Siku nyingine asogee. Siku nyingine akae. Asiulize kitu, aseme tu anachokiona: "Naona umechora mashua." Maswali yaje baadaye, tena ya kuchagua, "nyekundu au buluu?", maana swali la "ndiyo" au "la" mtoto hulijibu kwa kichwa. Akishauliza angoje, ahesabu moyoni mpaka 5. Nawe usimjibie. Hapo ndipo wazazi wengi huponzeka, huruma yawashinda.

BabaMapacha, Mji wa Kale
Kwanza mpimeni masikio, ili hilo liondoke njiani. Kulwa wetu alikuwa hivyohivyo, Doto ndiye aliyekuwa msemaji wake. Mamake alimrekodi akisoma, na kwa ridhaa ya mtoto mwenyewe mwalimu akasikiliza. Halafu tukawa twamwalika mwanafunzi mwenzake mmoja tu, aje wacheze nyumbani. Baadaye ikawa viazi karai pale Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari: aagize mwenyewe. Alinong'ona. Yule muuzaji, Mungu ambariki, akainama akasikiliza, wala hakusema "paza sauti". Sasa ana miaka 10 na abishana na makanga juu ya chenji. Jukwaani bado hapapendi, nasi hatumsukumi. Mimi mwenyewe harusini hukaa nyuma.

MamaNunu
Ahsanteni sana. Nimezungumza na mwalimu wa darasa, amekubali tufike Jumatatu saa moja kasoro. Mwalimu mkuu bado anung'unika, lakini hajakataa. Sasa babake amesema akizungumza tu darasani, anamnunulia baisikeli. Nimwache?

TichaLikoni
Mzuie, dada. Asiposema atakuwa amekosa sauti na baisikeli pia. Mpe stika kwa kujaribu, hata kama ni mnong'ono kwa rafiki. Na siku neno likitoka mbele ya mwalimu, msipige vigelegele, mchezo uendelee kama kawaida. Akigeukiwa na macho yote huenda akarudi ndani. Baisikeli mnunulieni Idi, awe amesema au hakusema.