Kioo cha kompyuta mpakato kimepasuka: nibadilishe mwenyewe nyumbani, nipeleke kwa fundi au ninunue monita?

Mwalimu wa Buswelu

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kubadilisha kioo cha kompyuta mpakato, hasa kwa sisi tulioko Mwanza. Kompyuta yangu ni Lenovo ThinkPad T450 ya inchi 14, niliyoinunua ikiwa mtumba. Wiki iliyopita nilifunga mfuniko bila kuona kalamu iliyobaki juu ya kibodi, nikaitia kwenye begi na kupanda daladala iliyojaa. Nilipofika nyumbani na kuiwasha, nyufa zilikuwa zimetawanyika kuanzia pembe ya chini kushoto kama utando wa buibui, na katikati yake kulikuwa na doa jeusi mfano wa wino uliomwagika. Doa hilo limekuwa likitanuka kila siku, na sasa limefunika karibu theluthi ya kioo.

Nimeiunganisha na monita ya zamani ya shuleni, picha ikatokea yote na ikiwa safi, kwa hiyo naamini kilichoharibika ni kioo peke yake. Fundi mmoja wa mjini ameniambia shilingi 250,000, kioo pamoja na kazi, na nisubiri siku tatu. Muuzaji mmoja wa Kariakoo anataka 150,000 kwa kioo kipya, akitume kwa basi hadi stendi ya Nyegezi, nami nikifunge mwenyewe. Njia ya tatu ni kununua monita iliyotumika na kuiacha kompyuta ikae mezani moja kwa moja. Sijawahi kufungua kompyuta, lakini bisibisi si kitu kigeni mkononi mwangu. Nina alama za wanafunzi za kuingiza kabla ya mwezi kwisha, kwa hiyo nahitaji uamuzi usionirudisha nyuma.

Fundi wa Kirumba

Mwalimu, karibu sana. Umefanya vyema kuanza na monita, kwa sababu wapo wanaonunua kioo kumbe tatizo liko kwenye bodi au kwenye waya unaopita kwenye bawaba.

Kabla hujampa mtu yeyote fedha, fungua fremu ya plastiki inayozunguka kioo na usome namba iliyoandikwa mgongoni mwa kioo chenyewe. Jina la kompyuta halitoshi. T450 moja ilitoka kiwandani ikiwa na kioo cha pikseli 1366 kwa 768, na nyingine inayofanana nayo kwa nje ikatoka na cha 1600 kwa 900. Namba ikianza na LP, kioo kimetengenezwa na LG Display. Ikianza na B ni AU Optronics. N peke yake kwa kawaida ni Innolux, na NT au NV ni BOE. Tarakimu tatu zinazofuata ni ukubwa: 140 ni inchi 14, 156 ni inchi 15.6. Huhitaji kampuni ileile. Unachohitaji ni mambo manne yalingane: ukubwa, idadi ya pini (vijino vya chuma ndani ya soketi ya waya), upande ilipo soketi, na masikio ya chuma yanayopokea skrubu.

Kwenye pini ndipo watu wanapopotelea. ThinkPad T430 ya mwaka 2012 inatumia kioo cha pini 40 cha mfumo wa zamani, ilhali T450 ya mwaka 2015 inatumia pini 30, na vyote viwili ni vya inchi 14. Mtu akikuambia "ni kioo cha ThinkPad, inchi 14, kitaingia tu," mwombe picha ya mgongo wa kioo hicho, namba na soketi vionekane. Akikataa, tafuta muuzaji mwingine.

Kuhusu bei, tofauti ya shilingi 100,000 unayoiona haiingii yote mfukoni mwa fundi. Nami nanunua kioo kutoka Dar es Salaam, na kikifika kimepasuka, au kikipasuka mkononi mwangu, mteja halipi mara mbili. Unalipia kazi, na unalipia hasara ambayo mtu mwingine amekubali kuibeba kwa niaba yako. Ukifanya mwenyewe, hasara hiyo inahamia kwako. Hata hivyo, kwa T450 sikukatazi. Ni miongoni mwa kompyuta zinazofunguka kwa urahisi, na mtu mtulivu anaimaliza kwa muda wa saa moja.

Dada wa Nansio

Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Ukerewe, nami nilijaribu mwenyewe mwaka jana kwa HP ya inchi 15.6, kwa hiyo nitaeleza pale nilipokosea ili wewe usipite hapo.

Kufungua hakukunisumbua hata kidogo. Kioo kipya kilikuwa sahihi, kilikaa mahali pake, skrubu zikaingia zote. Kosa langu lilikuwa moja: nilichomoa chaja nikadhani umeme umekatika, nikasahau kwamba betri ilikuwa bado imeunganishwa ndani. Nilipokuwa nikisukuma kichwa cha waya kwenye soketi kiliingia kikiwa kimepinda, nikakitoa, nikakirudisha. Nilipowasha, taa ya mbele iliwaka na feni ikazunguka, lakini kioo kilibaki cheusi. Usiku ule nilikimulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni na nikaiona picha kwa mbali, imefifia kama maandishi ya penseli yaliyofutwa. Picha ilikuwepo, mwanga wa nyuma ndio uliokufa.

Nililazimika kupanda kivuko kwenda Mwanza. Fundi aliyeipokea alinionyesha kwa lenzi fyuzi ya mwanga huo kwenye bodi, kitu kidogo kuliko punje ya mchele, ikiwa imekatika. Aliibadilisha siku hiyohiyo, lakini nauli, malazi na kazi ya kuchomea vilikula kila nilichokuwa nimeokoa. Kwa wewe uliyeko Buswelu, fundi yuko umbali wa daladala moja. Kwa sisi wa visiwani, hesabu ya kujifanyia ina maji katikati yake, na ndiyo maana nasisitiza: betri kwanza, halafu ndipo uguse waya.

Kijana wa Malimbe

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, na nimepitia njia mbili ambazo bado hazijajadiliwa kwa kina.

Monita niliitumia muhula mzima. Kwa fedha ilikuwa nafuu, na kwa macho ni kitu kizuri, kwa sababu inchi 19 si sawa na 14. T450 ina tundu la VGA, lile la waya wa monita za zamani, hivyo hata monita ya zamani inayouzwa bei ndogo itakubali. Tatizo ni umeme. Kompyuta mpakato ina betri, monita haina. Umeme ukikatika, kompyuta inaendelea kufanya kazi lakini huoni unachokifanya, na ukiwa katikati ya kuingiza alama za watoto, unabaki kubonyeza gizani ukitumaini kwamba imehifadhi. Jambo hilo ndilo lililoniondoa kwenye monita.

Baadaye nilinunua kioo kilichotolewa kwenye kompyuta nyingine. Kilikuwa nusu ya bei ya kipya. Muuzaji alikiwasha mbele yangu kikiwa na picha ya mandhari yenye rangi nyingi, nikaridhika. Nilipofungua ukurasa mweupe nyumbani, nikaona madoa mawili yanayong'aa, alama za kukandamizwa, na mstari mwembamba wa kijani upande wa kulia. Yanavumilika, lakini kwa mtu anayekaa mbele ya majedwali kutwa nzima yangemchosha. Ukiamua kununua cha mtumba, dai kionyeshwe kikiwa cheupe chote, kisha cheusi chote, na ukitazame pia kutoka pembeni.

Kuhusu fundi, samahani kaka wa Kirumba, bado naona 250,000 ni nyingi kwa kazi ya saa moja.

Fundi wa Kirumba

Mdogo wangu, huhitaji kuomba samahani, swali lako ni la haki. Saa moja ni ya kufunga. Kuna muda wa kutafuta kioo sahihi, wa kukifuata stendi, wa kukijaribu kabla ya kukibandika, na kuna dhamana. Mimi natoa miezi mitatu, na ndani ya miezi hiyo mteja akirudi na mstari kioni, ni mzigo wangu. Mwalimu amuulize fundi wake maswali mawili: je, kioo ni kipya au kimetumika, na dhamana ni ya muda gani, kwa maandishi. Fundi akijibu "kipya, na hii hapa risiti," bei hiyo inaeleweka. Akijibu kwa kuzungukazunguka, basi tofauti ya 100,000 haina kinachoihalalisha.

Dada wa Nansio amesema jambo kubwa kuliko yote katika mada hii, nami naliongezea. T450 ina betri mbili: moja ya nyuma inayochomoka, na nyingine iko ndani. Kuchomoa ya nyuma hakutoshi. Washa kompyuta ukibonyeza F1 mpaka uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows, nenda kwenye Config, kisha Power, kisha chagua Disable Built-in Battery. Itajizima yenyewe. Hapo ndipo unapochomoa chaja na betri ya nyuma na kuanza kazi. Ukimaliza na kuchomeka chaja tena, betri ya ndani inarudi yenyewe.

Mama Igoma

Naongeza neno moja kwa wengine watakaosoma. Ushauri huu ni wa kompyuta zenye fremu ya plastiki na skrubu. Kama kompyuta yako ina kioo cha kugusa kilichogandishwa na kioo cha mbele, au ni MacBook, usijaribu nyumbani. Hizo mara nyingi hubadilishwa mfuniko mzima, na kuzibandua kunahitaji joto na vifaa ambavyo hatuna majumbani.

Mwalimu wa Buswelu

Marahaba dada, marahaba kijana. Nawashukuru wote. Nimefungua fremu na kusoma namba: inaanza na LP140WH, pini 30, soketi chini. Swali langu la mwisho linahusu mzigo wa basi. Kikifika Nyegezi kimevunjika, ni nani anayelipa?

Fundi wa Kirumba

Herufi hizo WH zinaonyesha kuwa chako ni cha pikseli 1366 kwa 768. Ukipata cha 1920 kwa 1080 chenye pini 30 na masikio yaleyale, T450 inakipokea bila kubadilisha waya, na maandishi yatakuwa makali zaidi. Ongeza fedha kidogo kama unaweza, kwa maana hutafungua tena kwa miaka mingi.

Kuhusu basi, kubaliana na muuzaji kabla hujatuma fedha, kwa ujumbe wa maandishi. Mwambie akifunge kati ya vipande viwili vya mbao nyembamba au hadibodi ngumu, si ndani ya bahasha yenye mapovu ya plastiki peke yake, kwa sababu kioo hiki kinakufa kwa kupindwa zaidi ya kuangushwa. Ufungue mzigo palepale ofisi ya vifurushi, huku ukirekodi video kwa simu tangu utepe wa nje haujakatwa. Wauzaji wengi wakiiona video hiyo hawabishani.

Mwalimu wa Buswelu

Wakuu, narudi na taarifa. Nilichagua kufanya mwenyewe, na nilichukua cha 1920 kwa 1080 kwa shilingi 185,000, nauli ya mzigo ikiwa ndani. Kilifika kizima, kimebanwa kati ya mbao mbili.

Nilifanya kazi mezani mchana, juu ya taulo, na skrubu nilizipanga kwenye karatasi niliyoichora umbo la kompyuta ili kila moja irudi ilikotoka. Betri niliizima kwa njia mliyonielekeza. Fremu niliitoa kwa kadi ya plastiki, nikianzia chini na kuzunguka pole pole, nikisikiliza kila jino linapoachia. Nilipoondoa skrubu za masikio, nilikilaza kioo cha zamani kifudifudi juu ya kibodi. Waya ulikuwa umefunikwa na utepe wa gundi. Niliubandua kwa ukucha, kisha nikavuta kichwa cha waya kwa usawa na kioo, si kwa kukiinua juu. Kiliachia kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Kukirudisha kwenye kioo kipya kulinichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu sikukisukuma mpaka nilipoona kimenyooka pande zote mbili. Kabla ya kufunga chochote nilichomeka chaja na kuwasha. Nembo ya Lenovo ikatokea, nyeupe na safi, nikazima tena, nikakata umeme kama mwanzo na kufunga skrubu.

Jambo moja lilinisumbua: fremu ilikataa kuingia pembe ya juu kulia, ikabaki na mwanya unaopitisha ukucha. Nifanyeje?

Fundi wa Kirumba

Usiilazimishe. Ifungue pembe hiyo tena uangalie waya mwembamba wa kamera. Huenda umelala juu ya jino la plastiki badala ya kupita kwenye mfereji wake.

Mwalimu wa Buswelu

Ndivyo ilivyokuwa. Nimeurudisha kwenye mfereji, nikabonyeza, na fremu imeingia kwa mlio mmoja. Alama za kidato cha tatu nimeanza kuziingiza jioni hii.