Yule wa mnada wa usiku mtandaoni kaniambia mkungu wangu wa matoke UMEKONDA

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayeandika "bei ya mwisho" halafu anazidi kupandisha.

Jana nimeshinda cherehani kwa 310,000. Nikaomba namba nimtumie. Eti laini yake "inapumzika", nusu nitume kwa ya shemeji yake, niongeze ya kutolea na kodi ya pesa za simu asilimia 1. Moja! Ile ya Julai 2018, ikashushwa mwaka huohuo ikawa 0.5. Yeye bado yuko 2018, tena na cherehani yangu.

Nusu iliyobaki? Matoke. Mikungu minne, ipakiwe basi la Kampala. Nami na ujinga wangu nikaingia sokoni hapa Mbale, nikachagua, nikasimamisha mmoja kando ya mwanangu wa darasa la tatu, nikapiga picha. Mtoto hafiki hata bega la mkungu! Saa mbili kimya, kisha: "Dada, huu umekonda."

Umekonda. Mkungu uliovunja stendi ya boda.

Pesa ya shemeji nilishatuma. Cherehani siioni. Cherehani tuiache kwanza. UMEKONDA?

Boda wa Tororo: Weka picha tuhukumu.

Mwenye uzi: Siweki, mtaanza kumpima mtoto.

Kaka Malaba: Mie alitaka salio la simu, laini nne tofauti, elfu tano tano. Nikatuma kama zuzu. Redio ikaja haina kifuniko cha betri, nimeifunga kwa raba ya daftari.

Binti Mbarara: Msinipige, ila matoke ya Mbale ni membamba kweli.

Mwenye uzi: Wewe ndiye shemeji?

Mzee Kisenyi: Mwanangu, pesa mkononi, mali mkononi. Unatumaje kabla hujagusa sindano? Halafu kwa matoke, Mbarara haina mpinzani.

Boda wa Tororo: Mzee naye! Nyie wa Kampala mnaletewa yaliyopikwa na jua la lori.

Mama Wali: Mimi muuzaji alidai nimlipie ada ya shule ya mtoto. Nikauliza darasa gani. Chuo kikuu!

Mwenye uzi: Jamani, mkungu wangu.

Kaka Malaba: Kifuniko cha betri nani anacho?

Mzee Kisenyi: Ninacho. Elfu tatu. Tuma na ya kutolea.