Magofu yakigunduliwa kijijini, asimamie nani?

Mwana Mikindani: Shamba limefyekwa, umeonekana ukuta wa mawe na vigae. Kijiji kisimamie, au idara ya mambo ya kale ichukue yote? Nasema kijiji. Mtendaji aarifiwe siku hiyohiyo, pazungushiwe kamba, mkutano mkuu uchague kamati. Vigae viachwe vilipolala: kigae kikichomolewa kwenye tabaka lake la udongo, hakisaidii tena kujua umri wa ukuta.

Mpwani: Kijiji kipi? Hawahawa wanaong'oa mawe ya magofu kujengea misingi? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka serikali ipewe taarifa. Inatosha.

Binti Lindi: Chunga ulimi, kaka. Mifupa ya Tendaguru, huku Lindi, ilichimbwa 1909 hadi 1913, wapagazi wa huku wakaibeba hadi bandarini Lindi, leo imesimama Berlin. Waliosafirisha walikuwa na kibali cha serikali ya wakati huo, ya kikoloni ya Wajerumani. Sasa mwizi ni mwanakijiji?

Mpwani: Hiyo ni mifupa ya dinosaria, dada. Tunaongelea magofu.

Fundi Chokaa: Hilo la kung'oa mawe limeniuma. Jiwe lililong'olewa linaonekana pengo lake. Lakini saruji ya kukarabatia inaua ukuta ukiwa umesimama! Ni ngumu kuliko tumbawe, inafungia unyevu ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta, uso wa jiwe unabanduka vipandevipande. Dawa ni chokaa: choma mawe ya matumbawe ya nchi kavu, zima kwa maji, laza shimoni miezi kadhaa, kisha changanya ndoo 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga. Lowesha ukuta kwanza, baada ya kupaka funika kwa magunia mabichi, la sivyo jua litaupasua. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini 2004, yakatoka 2014, na mafundi wa palepale ndio walioshika mwiko wa kupaka chokaa.

Mpwani: Tanuru hilo unalichoma kwa magogo ya nini? Mikoko! Ukiimaliza, bahari inakula ufukwe na gofu linafuata.

Fundi Chokaa: Nani kataja mikoko? Vifuu na magogo ya minazi iliyozeeka vinawaka vizuri tu.

Binti Lindi: Na mchanga? Ule wa ufukweni una chumvi.

Fundi Chokaa: Wa mtoni, dada, na uuchekeche. Wa ufukweni usiuguse.

Mwana Mikindani: Jamani, na kamati je?