Naomba ushauri: nafuu ya kodi ya majengo kwa nyumba inayokarabatiwa

Habari zenu wakuu. Nakarabati nyumba ya wazazi na nyuma naongeza vyumba viwili. Ninavyoelewa, nafuu ya kodi husamehe lile ongezeko la thamani linaloletwa na ujenzi tu, kwa miaka kadhaa. Kodi ya thamani ya awali inaendelea palepale. Kibali cha ujenzi ninacho. Fomu ya nafuu bado sijapeleka, ila kazi imeshaanza: paa lilivuja mpaka dari likaoza, ikabidi mafundi waezue. Nimeuliza ofisini, kila dirisha na jibu lake.

Je, maombi yakifika baada ya kazi kuanza hukataliwa yote, au vile vyumba, ambavyo hata msingi haujachimbwa, vinaweza kuombewa peke yake? Na paa jipya mthamini hulihesabu kama matengenezo ya kawaida au ongezeko la thamani? Natanguliza shukrani.